Kuisifu Kona

Mwaka 2012 Toyota ilipotoa gari lake dogo la michezo lililoitwa 86, watu waliokwenda kulikagua waliinama kutazama matairi, wakainuka wakitazamana. Gari lenye injini ya nguvu-farasi 200, lenye viti vilivyokaa karibu na lami na sura ya kukimbia hata likiwa limeegeshwa, lilikuwa limevishwa matairi ya upana wa milimita 215, ya aina ile ile iliyokuwa ikifungwa kwenye baadhi ya magari ya Prius, gari la watu wa kubana mafuta. Wengine walidhani kampuni imekwepa gharama. Haikuwa hivyo. Mhandisi mkuu wa mradi huo, Tetsuya Tada, na wenzake walitaka gari ambalo dereva wa kawaida angelisikia likianza kuteleza katika mwendo mdogo, wakati bado ana nafasi ya kulirudisha. Tairi pana linashika sana, lakini likiachia, linaachia ghafla na mwendo ukiwa mkubwa. Tairi jembamba hutoa taarifa mapema.

Walioelewa uamuzi ule ni wale waliokwisha kujua kwamba raha ya gari la michezo haikai kwenye mshale wa spidi. Kukanyaga mafuta kwenye barabara iliyonyooka ni kazi ya injini. Dereva ni abiria aliyeshika usukani. Barabara ikikunja, gari linaanza kumtegemea mtu: lini aachie mafuta, akanyage breki kwa nguvu kiasi gani, ashuke gia ipi, azungushe usukani kwa upole gani, na lini afungue mafuta tena. Maamuzi hayo yote yanabanwa ndani ya sekunde chache, na kila mmoja huutengeneza au kuuharibu unaofuata. Huo ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, mabingwa wake na muda wake wa kujifunza, nao hautolewi pamoja na funguo anazokabidhiwa mnunuzi.

Afrika Mashariki funguo hizo mara nyingi hutoka mbali. Gari la michezo hushushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika Japani: Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza, Mazda Roadster. Jioni ya kwanza mwenye gari hana faragha. Boneti inafunguliwa, simu zinatolewa, kila mtu anataka kusikia turbo ikipuliza, na lazima atokee mmoja wa kuuliza, "Kaka, hii inagonga ngapi?"

Japani yenyewe ililiweka swali hilo pembeni kitambo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004, watengenezaji wa nchi hiyo walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu-farasi zaidi ya 280, na magari mengi ya soko la nyumbani yalifungiwa yasivuke kilometa 180 kwa saa. Namba zikiwa zimewekewa dari, ushindani mwingi ulihamia kwenye springi, shokomzoba, difu, na namna uzito unavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Impreza WRX iliyotoka mwaka 1992 ilizaliwa katika zama hizo. Silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande, ili uzito ukae chini, na nguvu yake inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Ni gari lililoundwa kwa ajili ya barabara zinazokunja, likanunuliwa na vijana wengi kwa ajili ya taa za barabarani zinapowaka kijani.

Somo la kwanza halihitaji hata injini kuwashwa. Ni kukaa. Dereva huegemeza mgongo wote kwenye kiti, ananyoosha mkono, na kifundo chake kinafika juu ya usukani bila bega kuinuka. Akikanyaga klachi hadi mwisho, goti linabaki limekunjwa kidogo. Mikono inashika penye 9 na penye 3, kama namba zilivyopangwa kwenye uso wa saa. Kiti kilicholazwa nyuma, mkono mmoja juu ya usukani na kiwiko dirishani, hupendeza kwenye video za muziki, lakini humnyima dereva chombo chake muhimu, yaani mgongo na nyonga. Gari la michezo halina mto mnene kati ya lami na kiti. Nyuma likianza kuteleza, nyonga hujua kabla ya macho, mradi ziwe zimekaa mahali pa kujulia.

Kisha huja miguu. Aliyezoea gari lenye gia zinazojibadilisha zenyewe hugundua kwamba mguu wake wa kushoto haujawahi kufundishwa kazi. Klachi ya gari la michezo huwa nzito na inashika katika nafasi fupi. Siku za mwanzo gari linarukaruka, linazimika kwenye mteremko wa kuingilia maegesho, na walinzi wanacheka. Hilo hupita. Kigumu zaidi ni kushuka gia. Gari likiwa na mwendo, mtu akitoka gia ya nne kwenda ya tatu na kuachia klachi hivi hivi, magurudumu yanalazimika kuivuta injini izunguke haraka zaidi kwa nguvu, na gari linapiga kichwa mbele. Fundi wa usukani huondoa mshtuko huo kwa kuipa injini mafuta kidogo kabla ya kuachia klachi, ili mizunguko yake ilingane na ile ambayo gia mpya inaidai. Na kwa kuwa mara nyingi gia hushushwa wakati breki imekanyagwa, mguu mmoja wa kulia hufanya kazi mbili: sehemu ya mbele ya unyayo inabana breki, ukingo wake unagonga mafuta. Mwanzoni hilo huonekana mazingaombwe. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi kwenye uwanja mtupu, klachi inaachiwa na mwili haupati habari kwamba gia imebadilishwa.

Haya yote yafanyike injini ikiwa imepata moto. Oili baridi ni nzito na haifiki haraka panapotakiwa. Kuipeleka injini kwenye mizunguko ya juu dakika ya kwanza baada ya kuiwasha ni kuisaga. Wenye turbo wana adabu nyingine ya mwisho wa safari, nayo ni kuendesha taratibu kilometa za mwisho ili turbo ipoe kabla ya injini kuzimwa. Kwa adabu kama hizo, gari humzoeza mwenyewe kuanza na kumaliza polepole.

Kiini cha ufundi wote ni uzito. Gari la kilo 1,200 linagusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Uzito huo hautulii. Dereva akifunga breki, unakimbilia mbele: pua inainama, matairi ya mbele yanabanwa na kushika zaidi, ya nyuma yanabaki mepesi. Akikanyaga mafuta, unarudi nyuma. Akizungusha usukani, unahamia upande wa nje wa kona. Na kila tairi lina kiasi chake cha mshiko ambacho lazima kigawanywe. Likitumia chote kwa breki, halibaki na cha kugeukia. Ndiyo maana anayefunga breki katikati ya kona kwa hofu huona gari likikataa kugeuka na kwenda moja kwa moja nje.

Utaratibu unaofundishwa na wakufunzi wa mbio duniani kote umetokana na hesabu hiyo. Breki nzito hupigwa gari likiwa bado limenyooka. Kisha mguu unaachia breki taratibu, si kwa kuinyakua, huku usukani ukianza kugeuka, ili uzito uliokuja mbele uyasaidie matairi ya mbele kulivuta gari ndani ya kona. Linapopita sehemu ya ndani kabisa ya kona, mafuta yanafunguliwa kidogo kidogo kadiri usukani unavyonyooshwa. Aliyeingia polepole hutoka na mwendo mzuri, na aliyeingia kwa fujo hutoka akipigana na usukani.

Mchora katuni Shuichi Shigeno aliupatia ufundi huo picha ambayo mamilioni ya vijana wameikumbuka. Katika hadithi yake ya katuni ya Initial D, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995, kijana Takumi Fujiwara hupeleka tofu alfajiri kwa gari la baba yake, Toyota AE86, akishuka barabara ya mlimani huku mbele yake kukiwa na kikombe cha maji ambayo hayatakiwi kumwagika. Gari la Toyota la mwaka 2012 lilipewa jina la 86 kwa kuikumbuka AE86 hiyo. Kikombe ni cha hadithi, lakini somo lake ni la kweli: maji humwagwa na mabadiliko ya ghafla, na mwendo peke yake hauyamwagi. Mtu aliyekua akiwaona wanawake wakishuka mlima na ndoo wazi kichwani hahitaji kuelezwa zaidi. Shingo imetulia, magoti yanameza mabonde, na hakuna kugeuka kwa ghafla.

Mikono na miguu ikishaelewa, macho ndiyo huchelewa. Kwa kilometa 100 kwa saa gari hula karibu mita 28 kila sekunde. Mwanafunzi hutazama mbele kidogo tu ya boneti, kwenye shimo na mstari, na kila kitu kinamfikia kama dharura. Mwalimu humwambia ainue macho, atafute mwisho wa kona, na kona ikijificha nyuma ya mlima ageuze kichwa kufuata ukingo wa barabara kadiri unavyojifunua. Mikono hufuata macho. Anayekazia macho nguzo anayoiogopa huishia kuielekea.

Dereva wa mbio Stirling Moss alipata namna ya kuazima macho ya mtu mwingine. Mei 1955, katika mbio za Mille Miglia za Italia, kilometa zipatazo 1,600 kwenye barabara za kawaida za umma, alikaa na mwandishi wa habari Denis Jenkinson ndani ya Mercedes-Benz 300 SLR iliyoandikwa namba 722. Walikuwa wameizunguka njia hiyo kabla ya mbio, na Jenkinson akaandika kila kona na kila kilele cha kilima kwenye karatasi ndefu iliyoviringishwa ndani ya kisanduku. Injini ilikuwa na kelele za kuzuia maneno, kwa hiyo alimpa Moss ishara za mikono. Walifika mwisho wa mbio, mjini Brescia, baada ya saa 10, dakika 7 na sekunde 48, kwa wastani wa karibu kilometa 158 kwa saa. Moss aliruka vilima ambavyo hakuona upande wake wa pili, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameviona na kuviandika.

Upande huu wa dunia, chuo kikuu cha udereva kilikuwa Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Mashindano hayo, yaliyofanyika kwa miaka mingi wakati wa Pasaka na masika, yaliwafundisha hata wageni wenye majina makubwa kwamba gari linalofika ndilo lenye kasi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, matope yalibakisha magari 7 tu hadi mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404, gari la familia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeyajua magari kwa mikono yake kama fundi, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alipata mwaka 1973 ushindi wa kwanza kati ya mara tano alizoshinda, katika Datsun 240Z, gari la michezo hasa, la milango miwili na boneti ndefu.

Mfano mtamu kuliko yote ni wa mwaka 1993. Subaru ilileta Safari kigari cha Vivio, chenye injini ya sentimita za ujazo 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, aliendesha kimojawapo na hakufika mwisho. Mkenya Patrick Njiru aliendesha kingine, akakileta nyumbani katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake. Njiru alijua mahali ambapo barabara inavunja magurudumu, na alijua ni lini kigari kile kinaweza kuombwa zaidi na lini kiachwe kipumue.

Magari mengine hufundisha kwa ukali. Porsche 911, iliyooneshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, ina injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito huo hulisaidia kushika lami likitoka kwenye kona, lakini katika zile za zamani, dereva aliyeingia kwa kasi kupita kiasi, akashtuka na kuachia mafuta ghafla, alionja upande wa pili wa sarafu: uzito ukahamia mbele, matairi ya nyuma yakawa mepesi, na injini ikaivuta nyuma ya gari itangulie. Dawa yake ilipingana na silika, yaani kutulia, kuacha mafuta kidogo yaendelee, na kusubiri. Björn Waldegård wa Sweden aliijua dawa hiyo. Alimaliza wa pili katika Safari ya 1974 akiwa na 911, akashinda mara nne kwa magari mengine, na mwaka 2011, akiwa amekwisha kuvuka miaka 65, alishinda Safari ya magari ya kale akiwa ndani ya 911. Magari ya leo yana kompyuta inayobana gurudumu moja moja ili kuzuia mzunguko wa namna hiyo, na imeokoa maisha ya wengi. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi, mwanafunzi mwerevu huihesabu kama mwalimu aliyelazimika kushika usukani kwa niaba yake.

Wahandisi wa Mazda waliamua kufundisha kwa wepesi. Roadster yao, inayojulikana ng'ambo kama MX-5, ilizinduliwa Chicago Februari 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6 na uzito usiofika kilo 1,000, uliogawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Walilitengeneza kwa wazo la Kijapani la farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja, na kufikia mwaka 2016 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni moja. Magari mengi ya kawaida yanaliacha kwenye barabara iliyonyooka. Lakini linaweza kuendeshwa hadi ukingo wa uwezo wake kwa mwendo ambao gari lenye nguvu-farasi 500 halijaamka usingizini. Gia zinaingia kwa msogeo mfupi wa kifundo cha mkono, paa linakunjwa, na kona ya kilometa 60 kwa saa inatosha kumfanya mtu acheke peke yake.

Hilo lina maana kubwa zaidi mahali ambapo barabara ni ya watu wote. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, inayopanda Usambara kwa kona juu ya kona, ina mabasi, bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi, na watoto wanaotoka shule. Kwenye mlima wa Kitonga kuna malori yanayokokota mizigo yakielekea Zambia. Tanzania na Kenya zote mbili zimeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa maeneo ya makazi, na fizikia iko upande wa sheria: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kumezwa na breki huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayejifunza hatafuti ukomo wa matairi barabarani. Anabaki ndani ya upande wake, kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona, na anashughulikia yale yasiyodai kasi: breki iliyoachiwa bila kuyumba, gia iliyoshushwa bila mtikisiko, usukani uliogeuzwa mara moja ukatosha. Kuutafuta ukomo kuna mahali pake: uwanja wa magari ya mashindano, wenye nafasi ya kutelezea, gari la wagonjwa na mkufunzi kwenye kiti cha pembeni.

Mvua ndiyo mkufunzi anayefuata. Matone ya kwanza baada ya ukame huchanganyika na oili na vumbi la lami, na barabara inateleza kuliko itakavyoteleza saa nzima ya mvua kubwa baadaye. Makosa ambayo lami kavu ilikuwa ikiyasamehe yanajitokeza katika mwendo wa kilometa 40. Ndipo mwenye gari anapotambua kama miguu yake imejifunza upole au ilikuwa inabebwa na mpira wa matairi.

Anayetaka kuona ufundi huu ukiwa peke yake, bila msaada wa gari, atazame alichofanya Sabine Schmitz. Mjerumani huyo alikulia jirani na uwanja wa Nürburgring, ambao mzunguko wake wa kaskazini, uliofunguliwa mwaka 1927, una urefu wa kilometa 20.8 katikati ya msitu. Siku zisizo na mashindano, mwenye leseni hununua tiketi na kuingia na gari lake. Schmitz alishinda mbio za saa 24 za hapo mwaka 1996 na 1997, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na kwa miaka mingi aliwazungusha kwa BMW abiria waliolipa. Mwaka 2005, mbele ya kamera za kipindi cha Top Gear cha BBC, alipewa gari la mizigo aina ya Ford Transit la dizeli, refu kwenda juu, la kubebea makabati na mabomba. Alilenga kuumaliza mzunguko chini ya dakika 10. Timu ya kipindi ikalipunguza gari uzito, ikang'oa kila kilichong'oka, na kuweka gari jingine mbele kulikatia upepo. Alitumia dakika 10 na sekunde 8, muda ambao wamiliki wengi wa magari halisi ya michezo, wakifika hapo mara ya kwanza na tiketi mkononi, hawaukaribii.